Siandiki Kadi ya Uongo

Mimi ni mbishi, wala sifichi. Mama yangu, Fundi Mwaija, husema siku niliyozaliwa nilibishana na mkunga. Gereji yetu iko Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, na kila Jumamosi kazi zangu ni zile zile: nafagia, napanga spana, kisha naandika kadi za oili. Kadi hufungwa kwa uzi karibu na usukani, ili mwenye gari ajue oili ya zamani ilimwagwa lini ikatiwa mpya, na itamwagwa tena lini. Naandika mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Hilo nalo sifichi.

Jumamosi moja Mama alikwenda mjini Bagamoyo kununua vipuri, akamwachia gereji mdogo wake, Mjomba Sadallah. Saa tatu asubuhi akaja Mwalimu Blandina, anayetufundisha hisabati. Gari lake ni la mseto. Unalichaji nyumbani kama simu, lakini lina injini ya petroli pia. Chaji ikiwapo linatembea kimya kwa umeme. Chaji ikiisha, au gari likihitaji nguvu zaidi, injini inawaka. Watu wa Kerege hawana habari na hayo yote, wanaliita "gari la umeme", basi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Najma. Fundi Sadallah, naomba unimwagie oili. Keshokutwa nawapeleka wanafunzi watatu Dodoma kwenye mashindano ya hisabati."

Mmoja wa hao watatu nilikuwa mimi. Mwalimu akaacha galoni mpya ya oili na filta, vitu vilivyomgharimu shilingi elfu themanini, akaenda zake sokoni.

Mjomba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitupia jicho mara moja, akakirudisha. Kisha akasoma kadi ya zamani.

"Zamu yake ni kilomita elfu tano, na hili limetembea elfu mbili tu! Gari la umeme, oili ya nini? Galoni hii nampa rafiki yangu Sharifu, pikapu yake ya mananasi ndiyo yenye shida. Wewe andika kadi kwamba oili imemwagwa leo."

"Lakini haijamwagwa, Mjomba."

"Ndiyo maana nimekwambia andika."

"Siandiki."

"Unasemaje?"

"Samahani, Mjomba, lakini siandiki."

Nikaivuta ile galoni, nikaikalia. Mjomba ndiye aliyenifundisha baiskeli, nami nampenda. Lakini siku hiyo alinikasirisha! Mwandiko ni wangu, halafu useme uongo wake?

"Mtoto una kiburi wewe! Mkubwa akisema, mdogo anasikia."

"Nimesikia, Mjomba. Ila siandiki."

"Nitamwambia mama yako!"

"Mwambie. Na mimi nitamwambia."

Basi akaandika mwenyewe. Mh, mwandiko gani ule! Ungedhani kuku ameparua. Akaifunga kadi mahali pake, akaenda kunywa chai. Mimi nikabaki juu ya galoni yangu.

Saa sita Mwalimu akarudi. Alipoishika kadi tu, akakunja uso.

"Najma, huu si mwandiko wako."

Mjomba akacheka. "Leo mtoto amegoma, Mwalimu. Utoto tu."

"Umegoma kwa nini?"

Nikasimama. "Oili yako hii hapa, Mwalimu. Haijafunguliwa."

Wakati huo huo bodaboda ikasimama, Mama akashuka na boksi la vipuri. Nikamweleza yote, Mjomba akisikia. Mama hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipojua amekasirika kweli.

"Sadallah, fungua kifuniko cha oili."

Mjomba akafungua. Chini ya kifuniko palikuwa na utando mweupe mzito. Mama akamwambia alipandishe gari kwa jeki, aweke beseni chini ya injini, afungue nati ya kumwagia oili. Oili ikatoka nyepesi, rangi yake kama chai ya maziwa.

"Lo!" Mjomba akashika kichwa. "Imeingia maji!"

Mama akapima maji ya rejeta yanayopoza injini, akakuta hayajapungua. "Hakuna kilichovuja. Mwalimu huenda shule na kurudi, kilomita mbili tu. Injini ikiwaka, inazimika kabla haijapata moto. Unyevu unabaki ndani na kuchanganyika na oili, na petroli kidogo nayo inachuruzika humo. Gari linalowasha injini kila siku kwa safari ndefu huukausha unyevu huo. Kadi ina mistari miwili, Sadallah, kilomita na tarehe. Umesoma mmoja. Tarehe inasema mwaka na nusu!"

"Kwa hiyo nimwage oili hata kama kilomita hazijafika?" Mwalimu akauliza.

"Kila mwaka, Mwalimu. Na mara moja moja liendeshe safari ndefu, injini ipate moto. Ungekwenda Dodoma na chai hii, injini ingesagika njiani, na mwanangu yumo ndani."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu. Nilidhani sidhuru mtu."

"Nimekusamehe, Fundi. Sasa tia oili mpya, nikiwa nimesimama hapa hapa."

Mjomba akabadilisha filta, akatia oili mpya, akaiwasha injini kidogo, akaizima. Alipokuwa akifuta mikono, Mama alinishika bega.

"Kila siku nakugombeza kwa ubishi wako, Najma. Leo sikugombezi. Mkubwa mheshimu, lakini uongo wake usiubebe. Watu wanaikabidhi gereji hii roho zao kwa sababu ya kile kilichoandikwa kwenye kadi."

Mjomba akaninyooshea kalamu na kadi mpya, akitabasamu kwa aibu. "Haya, mbishi. Sasa andika."

Sikuipokea kalamu.

"Ngoja kwanza, Mjomba. Nionyeshe kijiti."

Mwalimu na Mama wakaangua kicheko. Mjomba akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya tena, akanipa. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali, na imefika kwenye alama.

Nikaichukua kalamu, nikaandika.