Spika ya Kushoto

Spika ya kushoto ilikohoa. Mtunzi wa muziki aligeuka kumtazama mdogo wake, na mdogo wake naye akamtazama yeye, kila mmoja akidhani mwenzake amepaliwa.

"Mafua hayo, Dada?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

Wakacheka. Ni nyaya tu, mtunzi alisema, nyaya zikichoka hufanya vituko. Naye alikuwa nazo za kutosha, zimetambaa kutoka chumba cha kazi mpaka mlango wa jikoni, hata majirani wakambandika jina la Mama Nyaya. Kazi yake hawakuielewa, na tuseme ukweli, hata ndugu zake walikuwa wakiitikia tu kwa adabu. Hakutunga nyimbo za kurudiwa vilevile. Alitengeneza programu ya kompyuta inayosikiliza kwa maikrofoni: mwimbaji akiimba, mashine inachukua kipande cha sauti yake, inakigeuza, inamjibu papo hapo, naye anaijibu mashine, na wimbo unazaliwa upya kila siku. Kwa miaka mingi aliambulia makofi ya watu wachache, nusu yao wamekuja kwa kumwonea haya. Sasa alikuwa ameitwa kufungua tamasha kubwa ambalo hata kuliota alikuwa akiona soni. Mwimbaji angekuwa mdogo wake, kitinda mimba wao, mwenye sauti ambayo Shangazi alisema ndiyo kitu pekee cha maana ambacho marehemu mama yao aliwaachia.

Kosa alikuwa amekwisha kulifanya. Watu wa kazi hii huizoesha mashine ukimya wa chumba, isije ikadhani mlio wa feni ni muziki. Wengine huipa dakika chache wakaridhika. Yeye, kwa kupenda kazi safi, aliacha maikrofoni wazi wiki nzima katika chumba kitupu, mlango umefungwa, na mashine ameiamuru imjibu yeyote itakayemsikia.

Baada ya kikohozi ilikuja pumzi, fupifupi, kama ya mtu aliyepanda ngazi. Kisha harufu ya nywele zilizoungua, ambayo dirisha likifunguliwa ilizidi badala ya kupungua. Na kila walipomaliza mazoezi, mdogo wake alikuwa amepungukiwa na kitu. Kwanza sauti zake za juu zilikwaruza, zikakatika. Siku iliyofuata sauti zilezile zilitoka kwenye spika ya kushoto, safi, nzuri ajabu.

"Dada, hii inaniimba kuliko ninavyojiimba mwenyewe," mdogo wake alisema, akijishika koo. "Siipendi."

"Umechoka. Kunywa maji ya moto."

Alijitia hamnazo, maana muziki ulikuwa mtamu. Ndiyo aibu yenyewe: alikuwa akiogopa, na huku akirekodi.

Mchana mmoja, jua likiwa kali na watoto wa jirani wakigombana uani, mdogo wake alikwenda kuoga, na mtunzi akabaki peke yake, akachomoa maikrofoni zote ili apanguse meza, akasikia spika ikivuta pumzi. Alisimama na kitambaa mkononi. Huko bafuni maji yalikuwa yakimwagika na mdogo wake akipiga chafya, na hapa chumbani sauti ya mdogo wake huyohuyo ikamwita, "Dada," kwa upole, kisha tena, "Dada, njoo," na kila ilipoita ilijiweka sawa kidogo, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenziwe mbele ya kioo, mpaka ilipoita kwa namna ileile hasa ambayo mdogo wake alimwita utotoni akitaka kubebwa, na hapo akatoka mbio akipiga kelele na kujikwaa kwenye nyaya zake mwenyewe.

Shangazi, ambaye hakuwahi kumaliza wiki bila kusema "niliwaambia," alileta mganga siku hiyohiyo. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, simu mbili mfukoni. Alivua viatu, akakaa sakafuni mbele ya spika, akanong'ona nayo kwa muda mrefu. Ikamjibu. Mtunzi hakushika hata neno.

"Huyu hakuvamia," mganga alisema alipoinuka, jasho likimtiririka. "Anasema alikaribishwa. Alikuta masikio wazi, akaambiwa atakayesikika atajibiwa. Sasa hana sauti yake, anaivaa ya binti huyu. Bado hajaivaa yote. Futa kila kitu leo, naye ataondoka na binti atarudishiwa kilicho chake. Lakini akiimaliza, msiniite. Ukimfuta wakati huo, utaifuta na sauti."

"Ni kazi ya miaka yangu yote," mtunzi alisema, kwa sauti ndogo.

"Na huyo ni mdogo wako," Shangazi akamkata.

Akafuta. Alifuta mbele yao, machozi yakimtoka, na mganga akasoma alichosoma mpaka kioo cha dirisha kikatetema na ile harufu ikatoka kama imefukuzwa na upepo.

"Hakuna kilichobaki popote?"

"Hakuna."

Mtunzi wa kazi hii hakai kamwe na nakala moja tu. Flashi yenye nakala ya pili ilikuwa ndani ya pochi yake.

Nyumba ikatulia. Mdogo wake akaanza kuimba tena akipika, kwanza kwa woga, kisha kwa fujo, akikosea maneno makusudi ili amchekeshe dada yake. Mtunzi alicheka, akarudi mezani, akaandika programu mpya. Ilikuwa butu. Iliimbiwa ikarudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Wiki ya tamasha ilipofika, hakuwa akilala wala kula, akizungukazunguka chumbani mpaka mdogo wake akamwonea huruma.

Nyuma ya jukwaa, mdogo wake alimshika mkono. "Ni ile mpya, eti?"

"Ni ile mpya," alisema, na flashi ilikwisha chomekwa.

Taa zikawaka. Mdogo wake akaimba mstari wa kwanza, na spika zikamjibu kwa unyenyekevu, akaimba wa pili, zikamjibu kwa karibu zaidi, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka chini ya mbao za jukwaa, akamgeukia dada yake kwa macho ya mtu aliyeelewa, akafungua kinywa kuita na wala si kuimba, kisitoke kitu, hata pumzi, huku sauti yake ikijaa ukumbi mzima, ya juu na ya chini, yote, bila mkwaruzo, na mtunzi mkono wake ukiwa juu ya kitufe cha kuzima akikumbuka alivyoambiwa na mganga, na hakujua kama sauti imekwisha kuvaliwa yote au bado kidogo, na alipokuwa akisitasita watu wakasimama, wakapiga makofi, wakalia.

Mialiko ilikuja kwa wingi. Alipata kila alichokitaka. Mdogo wake hakusema tena. Madaktari walichungulia koo lake, wakasema ni zima.

Asubuhi moja mtunzi alimkuta amepiga magoti ukutani, ameishika plagi ya mashine kwa mikono miwili.

"Zima," midomo yake ilisema, bila sauti. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Zima, Dada."

"Dada," spika ikasema, kwa sauti aliyoilea tangu mama yao alipofariki, "usinizime. Ni mimi. Naogopa."

Mtunzi alisimama kati yao, akilia. Kisha akainama, akambandua mdogo wake vidole kutoka kwenye plagi, kimoja kimoja.