Chakula cha Kweli

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Viniana alimenya mhogo, akauchemsha, akauponda kwa tui la nazi, kisha akamlisha mdogo wake Kuki mpaka sahani ikabaki tupu. Halafu alimnywesha chai ya sukari. Kuki alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Mama yao alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na baba alikuwa mbali, akikata miwa katika kisiwa kikubwa. Nyumbani walibaki watatu: Bibi Asenaca na wajukuu wake wawili.

Mama hakusema mengi siku zake za mwisho. Alimshika Viniana mkono, akamwambia, "Mdogo wako asishinde njaa." Viniana alilishika neno hilo. Hata alipochelewa shule na kuadhibiwa kufagia uwanja, hakutoka nyumbani kabla Kuki hajashiba.

Huko Kadavu, kisiwa chao cha Fiji, mhogo, magimbi na viazi vikuu huitwa kakana dina, yaani chakula cha kweli. Samaki, nyama na mboga ni kitoweo tu, vitu vya kusindikizia. Aliyekula samaki watupu atakwambia hajala, lakini aliyekula mhogo mtupu amekula. Na wakati ule kitoweo kilikuwa kimetoweka nyumbani kwao. Baada ya mazishi, Bibi aliomba mwamba wa matumbawe ulio mbele ya nyumba ufungwe, kama ilivyo desturi. Kijiti kilichofungwa jani la mnazi kilisimikwa majini, na hakuna aliyeruhusiwa kuvua hapo mpaka karamu ya usiku wa mia tangu mazishi. Kuku nao hawakuguswa, na mayai yao yaliachwa yaatamiwe. Vyote vilikuwa vya marehemu. Yalibaki majani ya magimbi, na hayo Kuki aliyatema.

Hata hivyo mtoto alionekana ananenepa. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene. Majirani waliopita walimsifu Viniana kwa malezi.

"Bi mkubwa," alisema Losana, binamu yake aliyesoma naye darasa moja, "huyu unamlisha mhogo au hamira? Mbona ameumuka hivi?"

"Wivu huo. Wewe unakula kutwa na bado mwembamba kama mwiko."

"Mwiko ndio unaopika, dada."

Walicheka. Kuki hakucheka. Siku hizo hakuwa akicheka. Alikaa palepale alipowekwa, macho yakitazama mlango bila kumtazama mtu. Nywele zake nyeusi zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na nyepesi, zikichomoka kila alipopakwa mafuta. Siku moja, akimwogesha, Viniana alimshika mguu kwa nguvu asiteleze. Alipoondoa kidole, kishimo kilibaki kwenye nyama. Alikitazama, akangoja kijae, lakini hakikujaa.

Akamwita bibi yake. Bibi Asenaca alipiga magoti, akauona mguu.

"Mama yake anamwita," alisema. "Alimpenda mno. Hataki kumwacha."

Maneno hayo yalimwingia Viniana kama maji ya baridi. Tangu hapo alimlisha Kuki kama mtu anayevutana kamba na kaburi. Aliongeza mhogo, akaongeza sukari. Alimwambia, "Meza, Kuki, meza tu," na Kuki alimeza kidogo, kisha akawa anaacha chakula kitoke pembeni mwa mdomo. Ngozi ya mapajani ilianza kubanduka. Kadiri alivyomlisha ndivyo alivyovimba, na kadiri alivyovimba ndivyo alivyofifia.

Asubuhi moja Kuki hakufungua mdomo kabisa. Viniana aliiweka sahani chini, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya mlimani kuelekea zahanati ya kijiji cha pili. Losana alimkuta njiani akaacha kwenda shule. Walipokezana mzigo ule. Safari hii Losana hakuwa na utani.

Muuguzi, Dada Litiana, alimlaza Kuki juu ya meza.

"Ameanza kuvimba lini?"

"Kuvimba? Amenenepa, dada."

Muuguzi alibonyeza mguu. Kile kishimo kikaonekana tena. "Unene haubonyei hivi. Haya ni maji. Chini ya maji haya mtoto amekonda. Anakula nini?"

"Chakula cha kweli. Asubuhi, mchana na jioni. Hajalala njaa hata mara moja."

"Na kitoweo?"

"Tuko msibani."

Dada Litiana alivuta kiti akaketi, macho yake yakawa sawa na ya msichana. "Sikiliza. Mhogo na sukari hutia mwili nguvu na joto. Ni kama kuni. Lakini kuni hazijengi nyumba. Samaki, mayai, maziwa na kunde vina protini, na hiyo ndiyo inayojenga nyama, damu, ngozi na nywele. Mboga na matunda hulinda mwili usishikwe na maradhi. Mdogo wako umempa kuni tele. Cha kujengea hakupata."

"Basi mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa. Na hukujua."

"Ataishi?"

"Sijui," alisema muuguzi. "Bahari imechafuka, boti ya hospitali haiwezi kuja. Tutafanya tunaloweza hapahapa."

Alimpa Kuki dawa, kisha akachanganya maziwa maalumu, akamfundisha Viniana kumpa kwa kijiko, kidogo kidogo. "Usifanye pupa. Mwili uliochoka hivi ukijazwa ghafla, moyo unaweza kushindwa."

Viniana aliketi na kijiko. Mkono uliokuwa umezoea kushindilia sasa ulilazimika kungoja. Tone moja liliingia, jingine likatoka. Kungoja kulimuuma kuliko kitu chochote.

Alasiri Bibi Asenaca alifika, amevaa nguo yake nyeusi ya matanga. Muuguzi alimweleza yote, kisha akasema, "Bibi, maziwa haya si mengi. Akipata nafuu atahitaji samaki na mayai kila siku. Nyumbani kwako vipo."

"Vipo, lakini vina mwenyewe," alijibu Bibi. "Ni vya karamu ya binti yangu. Nimwaibishe mbele ya watu kwa mikono mitupu?"

Viniana hakuwahi kumjibu bibi yake. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, tusipoufungua mwamba, karamu hiyo itakuwa ya wawili."

Bibi alimtazama mtoto, akagusa zile nywele nyekundu, na chache zikabaki kidoleni. Alisimama bila kuaga.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa ukoo na mzizi wa yaqona, ule wa kutengenezea kinywaji cha heshima, mikononi, kama inavyompasa mwenye ombi zito, akaketi chini mlangoni akaomba. Mzee yule alimsikiliza, akaingia majini mwenyewe, akaking'oa kile kijiti.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuogopa. Maji yalipoanza kumtoka Kuki mwilini, alibaki mifupa, na Viniana alilia alipoona kilichokuwa kimejificha ndani ya unene ule. Kisha siku moja Losana, akila samaki karibu na kitanda, alihisi kitu kinamvuta kidole. Kuki alikuwa ameushika mnofu wake. Losana alipouvuta kwa mzaha, mtoto alilia kwa sauti kubwa ya hasira. Muuguzi alitoka mbio, akawakuta wasichana wawili wakilia na kucheka pamoja.

Usiku wa mia ulipofika, Kuki alikuwa anatembea. Samaki katika karamu walikuwa wachache, na kuku wachache zaidi. Shangazi mmoja alinong'ona, si kwa siri sana, "Asenaca, ndiyo karamu ya mwanao hii?"

Bibi alimpakata Kuki.

"Tulifundishwa kwamba mhogo ni chakula cha kweli," alisema, na watu wakageuka kumsikiliza. "Ni wa kweli, lakini si kweli yote. Tumbo la mtoto linaweza kujaa na mwili wake ukawa na njaa. Mpeni cha kumtia nguvu, cha kumjenga na cha kumlinda. Kimoja kikikosekana, viwili havitoshi. Na aliye hai apewe sehemu yake kwanza. Wafu wetu wana subira."

Kisha akaishika miguu ya mjukuu wake, iliyokuwa sasa miembamba na migumu.

"Unauliza samaki wamekwenda wapi? Ndio hawa."