Pini za Vichwa Vyeusi

Hebu fumba macho, uone chumba cha ushonaji saa sita mchana. Vyerehani viwili vimetazamana, pasi inatoa mvuke, na katikati bi harusi mtarajiwa amesimama na gauni lisilo na mikono bado. Fundi amepiga magoti chini ya pindo, pini zimemjaa midomoni kama ilivyo kawaida ya mafundi. Ghafla akanusa mafuta ya nywele ya mkewe, na mkewe alikuwa amezikwa tangu kabla ya mvua.

Akajitia hamnazo.

Marehemu alikohoa damu muda mrefu. Kila mteja alipoona doa kwenye leso yake, fundi alikimbilia kujibu, "Aa, ni pini tu. Imemchoma ulimi. Si mnajua anavyopenda kuongea!" Wateja wakacheka. Mkewe naye akacheka, mkono mdomoni. Lakini chumbani, alipoomba kupelekwa hospitali, aliambiwa, "Wakisikia kifua, nani ataleta nguo hapa? Vumilia, mke wangu." Akavumilia mpaka akaisha.

Sasa mdogo wa marehemu, binti aliyerithi cherehani chake, alikuwa ameanza kukohoa.

"Shemeji," alinong'ona mchana ule, bi harusi alipokwenda kuvua nyuma ya pazia. Akafungua kiganja. Damu. "Na mimi pia."

"Kuna nini huko?" bi harusi aliuliza.

"Ni pini tu, bibie!" fundi akadakia.

Neno halijamtoka vizuri, kitu kikamkwaruza koo. Fundi akakohoa. Mkononi mwake ikaanguka pini yenye kichwa cheusi, imelowa damu. Pini zake yeye zilikuwa na vichwa vyeupe. Nyeusi zilikuwa za marehemu, na siku ya maziko alizitupa chooni mwenyewe.

Kila alipolirudia lile neno kwa wateja, alitema nyingine. Mwishowe akaenda kwa daktari, peke yake.

"Damu mdomoni ina njia nyingi," daktari alimwambia kwa upole. "Yaweza kutoka kwenye fizi, au kuteremka kutoka puani. Ya vidonda vya tumbo hutapikwa, mara nyingine nyeusi kama kahawa. Ya kifuani huja na kikohozi: nimonia, uvimbe, kifua kikuu. Tupige picha."

Picha ilipotoka, daktari aliitazama, akamtazama fundi, akaitazama tena. Ndani ya kifua pini zilikuwa zimepangwa mstari mmoja ulionyooka, kama pindo la gauni.

"Baba, hizi umezimezaje?"

Fundi alitoka mbio, akaangukia kwa mganga, mama mmoja asiye na maneno mengi.

"Mpunge huyu jini, mama. Akitaka ubani, nguo, chochote, nitatoa."

"Si jini. Ni mkeo, na hataki kitu chako." Mganga akainama karibu. "Wewe ni fundi. Pini ni za kushikiza tu. Baada ya pini huja nini?"

"Huja... uzi."

Siku ya kuchukua gauni, bi harusi alikuja na mama yake na mashangazi, chumba kikajaa vigelegele. Shemeji mtu akakohoa, damu ikaruka mpaka mezani.

"Mwanangu, una nini?" mama wa bi harusi akauliza.

Yule binti akamtazama fundi. Fundi akafungua mdomo aseme lilelile, na hapo cherehani cha marehemu, ambacho hakuna aliyekikalia, kikaanza kuzungusha gurudumu lake polepole, kisha kasi, kisha kasi zaidi, na kwa kila mshono uliodunda pale mezani yeye alihisi sindano ikiingia kifuani na uzi ukivutwa nyuma yake, ubavu mmoja ukishonwa na mwingine, pumzi ikibanwa kama kiuno cha gauni linalopunguzwa, na sikioni sauti aliyoizoea ikicheka taratibu, mkono mdomoni.

"Si pini!" akapiga ukelele. "Ni kifua! Dada yake alikufa kwa kifua, nilijua, nikamficha! Mpelekeni hospitali!"

Mashangazi walikwapua nguo zao, wakatoka bila kuaga. Bi harusi peke yake ndiye aliyemshika binti mkono, akaondoka naye hadi hospitali. Binti alikutwa na kifua kikuu, akameza dawa zake zote bila kuruka hata siku moja, akapona, akahamia kushona kwingine.

Fundi alibaki na chumba kitupu na kifua kilichobana. Akajikongoja hadi kwenye cherehani cha mkewe, akidhani yamekwisha. Sindano ilikuwa imeshushwa, imezama kwenye kitambaa. Ndivyo mshonaji anavyoiacha anapotoka kidogo, na kazi yake bado haijaisha.

Nawe msikilizaji wangu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: mtu wako akikohoa damu, usiitafutie jina zuri. Mshike mkono, umpeleke.