Taa Iliyolazwa Ubavu

Saa mbili na dakika kumi na nane asubuhi, Mama Pacha alipeleka mkono kwenye rafu ya tatu ya chumba cha nukta nundu, na mkono ukarudi mtupu.

Akapapasa tena, faili moja baada ya jingine. Yalikuwa thelathini, yote ya kahawia, yote unene mmoja. Mgongoni kila faili lilibandikwa lebo ya nukta zilizoinuliwa kwenye karatasi ngumu, bila hata tone la wino. Hiyo ilikuwa amri ya Daktari, mkuu wa idara ya elimu maalumu. Mwalimu anayesomea shahada ya uzamili ili akafundishe wasioona, alisema, azoee kusoma wanachosoma wao. Kumi na tatu lilikuwapo. Kumi na tano lilikuwapo. La kwake, la kumi na nne, halikuwapo.

Alipiga ukelele uliosikika mpaka langoni.

Saa mbili na nusu kamili, Afande alikuwa mlangoni pa chumba hicho, daftari mkononi. Alikuwa mlinzi wa chuo, mwanamke wa maneno machache. Walimu waliokuwa masomoni walimwita hivyo, Afande, nusu kwa heshima na nusu kwa utani.

"Ndani ya faili kulikuwa na nini, mama?"

"Karatasi sitini na mbili." Mama Pacha hakuweza kusimama mahali pamoja, alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. "Watoto kumi na mmoja wasioona wameniandikia kwa mikono yao jinsi walivyofundishwa kusoma. Ndio utafiti wangu wote, Afande. Saa nane mchana nautetea mbele ya watahini."

"Huna nakala?"

"Nina tafsiri niliyoipiga chapa. Watahini wanataka za watoto wenyewe. Bila hizo watasema nimetunga."

"Si utaomba siku nyingine?"

"Nimeshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilijifungua pacha, mara ya pili niliugua. Barua ya mwisho imesema wazi: nikikosa leo, nafutwa chuo. Miaka mitatu yangu yote, Afande!"

Afande hakumpa pole. Alitazama. Taa ya dari ilikuwa imezimwa na pazia zito limefungwa. Lakini taa ndogo ya mezani haikuwa mezani. Ilikuwa imelazwa ubavu mwishoni mwa rafu ya tatu, uso wake ukielekea kwenye migongo ya mafaili. Alisogeza kiganja karibu na balbu. Ilikuwa imezimwa, lakini bado ina joto.

Akaandika: *Taa. Ubavu. Moto. Saa 2:34.*

Langoni, mwenzake alimsomea kitabu cha wageni kwa simu. Tangu alfajiri waliingia watu wanne tu katika jengo lile. Karani wa idara aliingia saa kumi na mbili na dakika hamsini. Mwanafunzi wanayemwita Profesa, saa moja na dakika tano. Mwalimu Ishara, saa moja na dakika kumi. Mama Pacha, saa mbili na robo. Hakuna aliyetoka.

"Basi faili bado limo humu humu," Afande alisema.

"Si uwapekue!"

"Sheria ya chuo inaniruhusu kupekua mikoba langoni, mtu anapotoka. Na hao hawatatoka mpaka jioni."

Mama Pacha alitazama saa ya ukutani kama inayomdai.

Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhojiwa. Alikuwa anapanga viti vya watahini, na alijibu huku akiburuta viti.

"Ufunguo ulikuwa wapi asubuhi?"

"Kwenye msumari wake ukumbini, unapokaa siku zote. Yeyote anachukua."

"Inasemekana wewe na Mama Pacha mligombana juzi."

"Tuligombana, ndiyo! Alinipa nimchapie kurasa mia mbili, akasema ukingo umepinda. Kwa kurasa mia mbili, Afande, hata wewe ungepinda." Akaacha kiti. "Lakini nikaibe nini mle? Zile nukta kwangu ni vipele tu. Ningejuaje faili lake lipi?"

Afande aliandika jibu hilo na kulipigia mstari. Kweli, mwizi alichomoa faili moja kati ya thelathini yanayofanana, bila kuvuruga mengine. Mwizi alisoma.

Ndiyo sababu kufikia saa nne jengo zima lilikuwa limeshamhukumu Profesa. Profesa alikuwa mwalimu asiyeona aliyekuwa masomoni, mwenye vidole vyepesi na ulimi mzito wa kejeli. Siku iliyotangulia alikuwa amegombana na Mama Pacha mbele ya darasa.

"Nilimwambia maneno ya watoto si nyanya za kupanga mezani watu waje kuzibonyeza," alisema, akiwa amekaa wima kwenye benchi la ukumbini. "Nikasema aombe tena ridhaa ya wazazi. Akaniambia nina wivu. Haya, na leo mimi mwizi."

"Muda mfupi kabla Mama Pacha hajafika ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nakula karanga zangu. Nilisikia mtu akiufungua mlango wa chumba cha nukta. Nikadhani ni mwenyewe."

"Viatu vyake?"

"Raba. Jengo hili nusu yake wanavaa raba. Nikamate mimi tu, Afande, ni rahisi zaidi."

Mama Pacha alisimama pembeni, macho mekundu. "Nani mwingine anasoma nukta hapa? Mimi, wewe na Daktari. Na Daktari hajafika!"

Profesa aligeuza uso upande wake. Akala karanga moja.

Mwalimu Ishara alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alikuwa anasomea kufundisha wanafunzi viziwi, mtu mpole, mwenye kubeba mkoba wa ngozi kwapani.

"Pole sana, dada yangu," alimwambia Mama Pacha. "Afande, mimi nilikuwa darasa la juu tangu saa moja na robo, najiandaa. Nukta sijui hata moja. Ila, samahani kusema, jambo hili liko wazi. Mwenzetu asione vibaya."

"Mimi kuona vibaya ndiyo kazi yangu," alijibu Profesa.

Afande alirudi chumbani peke yake. Akatazama ile taa tena, muda mrefu. Kisha akamwita Profesa.

"Wewe unahitaji taa kusoma?"

"Afande, umesomea upelelezi kwenye redio? Mimi taa ya nini?"

"Basi niambie. Mwenye macho anazisomaje?"

Profesa akaketi taratibu. "Kwa kivuli. Nyinyi vidole vyenu vivivu. Karatasi nyeupe, nukta nyeupe. Mwanga ukitoka juu hamwoni kitu. Mwanga ukija kwa ubavu, kila nukta inatupa kivuli chake. Walimu wote wenye macho wanainamisha karatasi hivyo. Wanazoea mpaka hawajui wanafanya."

"Na mtu akitaka kukusingizia wewe?"

"Asingewasha kabisa. Na akitaka kunitetea angewasha ya dari. Iko wapi hiyo taa?"

"Imelala ubavu mwishoni mwa rafu."

"Basi mwizi wako ana macho," alisema Profesa, "na amefundisha wasioona."

Mmoja wa wawili waliosema hawajui nukta alikuwa amesema uongo. Afande alimpa Profesa karatasi ngumu, naye akaiweka kwenye kibao chake cha kuandikia nukta na kuitoboa kwa msumari wake mdogo, haraka, sentensi moja.

Saa sita na dakika arobaini Daktari, aliyefika saa nne na nusu, aliwakusanya wote katika chumba cha watahini. Afande alisimama kati yao.

"Karatasi hii ina nukta. Naomba kila mmoja aitazame aniambie kama ni ya faili lililopotea."

Karani aliishika mbele ya uso kama barua, akaigeuza juu chini, akairudisha. "Vipele, nilishasema."

Mwalimu Ishara aliipokea. Akageuka nusu hatua kuelekea dirishani, na mkono wake ukaiinamisha karatasi mpaka mwanga ukaiparaza. Macho yakatembea kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja. Kisha mkono wake wa pili ukaruka kwenye mkoba wa ngozi na kuukamata.

Mkoba ulikuwa umefungwa barabara.

"Sijui ni nini," alisema.

"Profesa," Afande alisema, "umeandika nini hapo?"

"Nimeandika: *Mkoba wako umefunguka.*"

Kijasho chembamba kilimtoka Mwalimu Ishara juu ya mdomo. Daktari akanyoosha mkono, naye akautoa mkoba kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Faili la kumi na nne lilikuwa ndani, pamoja na kijiko.

"Nilitaka kulirudisha," alisema. "Nilihitaji kurasa tatu tu. Nilijua huwa anafika saa tatu."

"Kurasa za nini?" Mama Pacha aliuliza.

"Zinazomsema mwalimu wao wa zamani. Nilikuwa mimi." Alikaa. "Niliwapa ukurasa uleule mwaka mzima mpaka wakaukariri. Wageni wakija, watoto wanapitisha vidole na kutamka. Walinipigia makofi. Mkaguzi mmoja akawageuzia karatasi, nao wakaendelea kutamka yaleyale. Nikahamishwa kimyakimya. Hapa sikuandika kwamba niliwahi kufundisha pale. Nilianza upya na viziwi, na hawa nawafundisha kweli, Daktari, kweli kabisa. Uliposoma maandishi yao darasani wiki jana, dada, niliona maisha yangu yote yanarudi."

"Watoto hawakuandika jina lako," Mama Pacha alisema polepole. "Walisema mwalimu tu. Sikujua ni wewe. Leo ndiyo najua."

Alifungua faili, akazipata zile kurasa. Zilikuwa laini. Mwalimu Ishara alikuwa amezisugua kwa kijiko, nukta zote zikalala. Mama Pacha aliziinamisha kwenye mwanga, huku na huku. Hapakuwa na kivuli.

Saa saba na dakika tano.

"Lete," alisema Profesa.

"Profesa, mimi asubuhi..."

"Niombe msamaha jioni, nitakuwa na nafasi. Lete." Aliosha mikono, akaikausha, akaweka ncha ya kidole kwenye mstari wa kwanza, akaupitia mara moja, mara mbili, mara tano. Watu wote walimtazama yeye. "Karatasi ikishatobolewa haisahau. Ni hafifu, lakini ipo. Wazazi utawaandikia?"

"Kesho asubuhi. Naapa."

Saa nane kamili mtahini wa nje aliuliza kurasa zilizoharibiwa zitathibitishwa vipi. Mama Pacha akasema ana msomaji. Profesa alisogeza kiti, akainamisha kichwa, akasoma, neno moja moja, maandishi ya msichana wa miaka tisa:

"Nilijua kwamba sisomi. Nilimngoja mtu aje aniulize."