Kiti cha MaSibiya

Haya ni kweli tupu. Atakayenishika uongo hata mmoja, nampa jogoo wangu mwekundu, yule anayewafukuza mbwa.

Khethiwe alikuwa anatoka soko la Warwick, Durban, na gauni lake la njano na mfuko wa nyanya, alipogongana uso kwa uso na Bhekisisa, mpenzi wake aliyetoweka tangu mwezi uliopita. Bhekisisa alivaa suti nyeusi iliyompwaya. Alikumbatia tawi la miiba kama mtoto mchanga.

"Ehee! Umefufuka?"

Bhekisisa akalikaza tawi kifuani.

"Leo bubu? Na yule kimada wako aliyepokea simu yako, naye bubu?"

Bhekisisa akafumba macho. Mjomba wake, mzee Jotham, akaingia kati.

"Binti, usimsemeshe. Mama yake, MaSibiya, amefia hospitali. Mwili umetangulia, sisi tunaipeleka roho yake nyumbani Nkandla kwa hilo tawi. Akimjibu aliye hai kabla hatujafika, mama anabaki barabarani. Na gari tulilokodi limezima."

Khethiwe alitazama ile miiba, akatoa funguo za gari lake.

"Pandeni, baba."

Akarusha mkoba wake kiti cha nyuma, kando ya Bhekisisa.

"Toa mkoba!" mzee alifoka. "Unamtwisha mizigo MaSibiya?"

Akautoa. Na wallahi, springi ya upande ule mtupu ikazama, kama amekaa mtu mzima mwenye mwili wake.

Walishika njia ya kaskazini. Miwa huku na huku, kijani mpaka macho yanauma, vilima vimeloa mvua. Mzee akakoroma. Khethiwe aliuchukia uzuri wote ule.

"Mama," Bhekisisa aliliambia tawi, "tunavuka uThukela. Usiogope maji."

Walipomaliza daraja, Khethiwe akasimamisha gari pembeni.

"Ni nani yule mwanamke? Kisauti chembamba, eti 'Bheki amelala, usimwamshe.' Nijibu, au mnashuka hapa hapa!"

Kwenye kioo aliona midomo ya Bhekisisa ikitetemeka. Neno moja tu, na mama yake angebaki pale na malori. Bhekisisa akainama juu ya tawi.

"Mama, anayeendesha ni Khethiwe. Yule aliyekuita kahaba, mwizi wa waume. Hakujua ni wewe, ugonjwa ulishakuachia kisauti cha msichana. Ulinikataza kumwambia, ukasema akuone siku utakayoweza kusimama umpokee. Nikatii. Simu ilipokatika ulicheka mpaka ukakohoa damu. Ukasema, 'Huyu ana mdomo, atakulinda.' Ukalala, hukuamka tena. Nilimpigia. Alishaizuia namba yangu."

Lori likapita, gari likatikisika. Khethiwe alilia kichwa kikiwa juu ya usukani. Kisha akashuka mvuani, akafungua mlango wa nyuma, akauvuta mkanda juu ya kile kiti kitupu na kuufunga.

"Mama, nilikutukana. Nisamehe. Ukitaka nikaripie, lakini twende nyumbani. Na mwambie mwanao niliizuia namba kwa sababu nilikuwa naumia."

"Mama, mwambie nimesikia."

"Mama, mwambie amekonda. Na hiyo suti ni ya nani?"

"Mama, ni ya mjomba."

Hivyo hivyo wakapanda milima ya Eshowe, wakaingia ukungu wa msitu wa Nkandla, wakilia na kugombana, na marehemu katikati.

Nyumbani watu walisimama uani wakiwangoja. Khethiwe akafungua mkanda.

"Tumefika, Mama. Shuka polepole, pana tope."

Bhekisisa akaliingiza tawi ndani ya nyumba kuu, akalilaza kwenye ukuta wa nyuma, mahali pa mizimu ya ukoo. Akatoka, akasimama mbele ya Khethiwe.

"Khethiwe."

"Hilo tu?"

"Nimelibana tangu Durban."

Kicheko kilimfika kooni, lakini ndani wanawake wakaangua kilio. Shangazi mmoja akamfunika blanketi juu ya lile gauni la njano.

"Mkwe, funika mabega. Njoo ukae naye."

Khethiwe akaingia, akaketi mkekani kando ya jeneza la mama ambaye alimsikia sauti mara moja tu, akamkatia simu.

Khethiwe mwenyewe ameyasoma haya. "Babu," kanambia, "ile springi ilikatika kabla sijalinunua gari." Mengine hakuyakana. Jogoo yumo kwenye buti la gari lake, anatukana njia nzima.