Sukari ya Askari

Nasambu aliuza mahindi na maharagwe mtaa wa Gatina, Kawangware. Chumba chake cha mbele kilikuwa duka. Chumba cha nyuma kilikuwa nyumba, na humo aliishi na mumewe, Khamala, fundi seremala. Binti yao, Risper, alisoma shule ya bweni. Magunia yalipangwa kule mbele. Juu ya magunia alikaa paka.

Paka huyo aliitwa Askari. Alikuwa dume kubwa, rangi ya majivu. Kabla hajaja, panya walitoboa gunia moja kila wiki. Alipokuja, panya walihama. Wapangaji wote wa ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga, walimshukuru, maana kuta zilikuwa za mbao na panya wa Nasambu walikuwa panya wa kila mtu.

Nasambu alimpenda Askari na hakuficha.

"Mtu akikaa nawe asubuhi mpaka jioni bila kukugombeza, utaacha kumpenda?" aliuliza siku moja.

Khamala alijua anasemwa yeye. Akaendelea kunywa uji.

Mwaka wa 1986, masika yalipokwisha, Askari alibadilika. Alikunywa bakuli zima la maji, kisha akadai jingine. Alikojoa kila mahali: kwenye karai lake la majivu, mlangoni, hata kando ya maharagwe. Alikula sana, lakini alikonda. Siku moja alijaribu kuruka juu ya magunia akaanguka. Miguu ya nyuma ilikuwa imelegea.

Mwenye ploti, Mzee Gachanja, aliishi chumba cha mwisho, karibu na geti. Alipita akakanyaga mkojo.

"Mama Risper, hii ni ploti, si zizi," alisema. "Huyu paka ni mgonjwa. Atatuambukiza sisi wote. Nimekupa mpaka mwisho wa mwezi. Akiwa bado hivi, nitatuma mtu amtie kwenye gunia akamtupe mbali."

"Kwenye gunia, Mzee?"

"Gunia. Na wewe unayo mengi."

Nasambu aliingia ndani akalia. Khamala alimwambia paka ni paka, watatafuta mwingine. Maneno hayo yalimliza zaidi.

Jirani yao aliitwa Sella Kavetsa. Alikuwa amehamia kutoka Kibera miezi miwili tu nyuma, apate kuwa karibu na kazi. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo upande wa Kabete. Asubuhi moja alisimama mlangoni kwa Nasambu akitazama chini. Sisimizi walikuwa wamejaa.

"Nani amemwaga soda hapa?"

"Soda gani? Ni mkojo wa Askari," alisema Nasambu kwa aibu.

Sella alichutama. "Sisimizi wamefuata kitu kitamu. Anakunywa maji mengi?"

"Sana."

"Anakula na bado anakonda?"

"Umejuaje?"

"Nafikiri ana ugonjwa wa sukari. Lakini tusikisie. Twende kwa daktari apimwe damu."

Khamala alicheka mpaka akashika mlango. "Paka? Wacha mchezo! Huo ni ugonjwa wa matajiri wa Lavington."

"Baba Risper, ugonjwa hauulizi mtu anakaa mtaa gani," Sella alimjibu. "Na mwambie Mzee Gachanja huu hauambukizi."

Walimbeba Askari kwenye kikapu hadi Kabete. Daktari alimpima damu. Sella alikuwa amesema kweli. Daktari aliwapa dawa ya sindano, insulini, ya kumdunga asubuhi na jioni. Nasambu aliiogopa ile sindano kuliko paka alivyoiogopa.

Jioni Sella alimfundisha nyumbani.

"Chakula kinakuwa sukari ndani ya mwili," alisema. "Insulini ndiyo inaifungulia sukari mlango iingie kwenye nyama ya mwili, ipate kutupa nguvu. Ya Askari haifanyi kazi vizuri. Kwa hivyo sukari inajaa kwenye damu, halafu inatoka na mkojo. Anakula, lakini mwili unakaa njaa."

"Maskini," alisema Nasambu. "Sasa nimpe nini?"

"Paka ni mla nyama. Mpe mapafu ya ng'ombe, matumbo, au samaki, bila chumvi. Mpe kwa saa ileile, kiasi kilekile. Ugali hapana. Uji hapana. Kitu chochote cha sukari hapana. Ale kwanza, ndipo umdunge. Akikataa chakula, usimdunge. Njoo uniite, au nenda kwa daktari."

Kisha Sella alimwaga majivu ya karai. Akaweka kokoto ndogo zilizooshwa.

"Kokoto hazinywi mkojo. Akimaliza, inamisha karai, chovya karatasi hii ya kupimia sukari kwenye mkojo, halafu linganisha rangi yake na rangi za kwenye chupa yake. Samawati, hakuna sukari kwenye mkojo. Kijani, iko kidogo. Kahawia, ni nyingi. Andika kila siku."

"Na dawa nitaweka wapi? Sina friji."

"Itie kwenye kopo lenye kifuniko, kopo uliweke ndani ya chungu cha maji baridi. Sikia jambo la mwisho. Sukari ikishuka mno pia ni hatari. Atayumba, atatetemeka, ataanguka. Hapo mpake maji ya sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo, kisha mkimbize kwa daktari."

Nasambu alifanya yote. Alipika mapafu mpaka Khamala akauliza kama yeye pia ana haki ya kupikiwa. Kila siku alichovya karatasi. Wiki moja ikapita. Asubuhi karatasi ilikuwa kijani. Mchana ilikuwa kahawia. Wakarudi kwa daktari. Daktari aliongeza dawa, lakini mchana karatasi ikabaki kahawia.

"Wewe!" Nasambu alimgeukia mumewe. "Unampa ugali wako!"

"Haki ya Mungu, sijampa hata tonge."

Sella alisoma daftari. "Usigombane na mtu kabla ya kusoma. Tazama. Kila siku inaharibika baada ya saa nne. Saa nne Askari huenda wapi?"

Nasambu hakujua. Jumamosi, saa nne ilipofika, alimfuata.

Askari aliingia kwa Lazarus, mwashi kutoka Kakamega. Lazarus alikuwa na kibakuli tayari. Alimimina chai ya maziwa, yenye sukari vijiko vitatu.

"Lazarus! Unafanya nini?"

"Nampa mgeni chai," alisema Lazarus kwa mshangao. "Kwetu mgeni hatoki bila chai, Mama Risper. Na huyu hunifukuzia panya."

Chumba cha pili, Aoko alikuwa akimchovyea mandazi kwenye chai. "Namwonea huruma, amekonda hivyo! Si kila mtu anamjali kama mimi."

Chumba cha tatu, chai. Cha nne, uji wenye sukari. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayemlisha. Hatimaye Askari alifika chumba cha mwisho. Mzee Gachanja alikuwa ameinama, kikombe mkononi, akimimina chai kwenye kisahani.

Alipomwona Nasambu alikohoa. "Huyu... huja kunisalimia tu. Kila siku saa nne. Nitamfukuzaje mtu anayenisalimia?"

"Mzee, si ni wewe uliyesema atiwe kwenye gunia?"

"Nilisema yule anayekojoa."

Jioni wapangaji walikutana uani. Sella aliwaeleza kama alivyomweleza Nasambu. Aoko alijifuta macho kwa leso.

"Kumbe tulikuwa tunamuua kwa mapenzi," alisema.

"Hamkujua," alisema Sella. "Sasa mnajua."

Chai ya Askari ilikoma siku hiyohiyo. Jumatatu karatasi ilikuwa kijani. Jumanne ilikuwa samawati. Jumatano pia, na Alhamisi pia. Nasambu aliimba akipima mahindi kwa gorogoro, kopo lake la kilo mbili. Furaha ilimfanya asahau jambo moja. Daktari alikuwa amepanga kipimo cha dawa wakati Askari anakunywa chai vyumba tisa. Sasa chai haipo, lakini dawa ilikuwa ileile. Nasambu alipaswa kumwambia Sella au daktari mara moja kuwa karatasi imekuwa samawati. Hakusema.

Ijumaa, Sella akiwa kazini, Askari aliyumba uani. Alitetemeka. Akaanguka ubavu mbele ya mlango wa Mzee Gachanja.

"Sukari!" Nasambu alipiga kelele. "Mzee, lete sukari na maji!"

"Sukari tena?" Gachanja alisimama na kopo lake la sukari kifuani. "Si mmesema ndiyo sumu yake? Hapana, Mama. Mimi siui huyu paka mara ya pili."

"Mzee, ile ilikuwa imezidi. Hii imekwisha mwilini. Ikikwisha kabisa anakufa! Lete!"

Mzee alimtazama. Kisha akafungua kopo. Alikoroga sukari na maji kwenye kisahani. Nasambu alichovya kidole akampaka Askari kwenye ufizi. Akangoja. Akapaka tena.

"Amka, baba," alisema. "Amka, tafadhali."

Dakika zilipita. Sikio moja likacheza. Kisha ulimi ukatoka, ukalamba kidole. Nasambu alilia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Askari alipoweza kuinua kichwa na kumeza, walimlisha mapafu kidogo. Kisha Mzee Gachanja alibeba kikapu mwenyewe, akatangulia njia ya Kabete.

Daktari alimpongeza Nasambu, halafu akamgombeza. "Umemwokoa. Lakini karatasi ikiwa samawati siku mbili mfululizo, njoo. Usikae nayo nyumbani kama picha ya ukutani." Akapunguza dawa. Baada ya wiki mbili akaipunguza tena. Mwezi wa tatu akaisimamisha.

"Paka wengine hufika hapa, wengine hudungwa maisha yao yote," alisema. "Huyu ana bahati. Lakini ugonjwa unaweza kurudi. Endelea na nyama na endelea kupima."

Lakini nyuma kidogo, mwisho wa ule mwezi wa onyo, Mzee Gachanja alikuwa amepita kama kawaida yake. Mlango ulikuwa mkavu. Askari alikuwa juu ya magunia, amenenepa kidogo.

"Mzee, mwisho wa mwezi ndio huu," alisema Nasambu.

"Najua tarehe," alijibu Gachanja. "Nimekuja kuuliza kama mapafu ya mbuzi pia yanafaa."

Nasambu aliendelea kupima kila Jumatatu. Askari naye aliendelea kupita vyumba vyote saa nne, maana hakuna aliyemweleza habari za sukari. Kila chumba kilimtolea stuli. Alikaa, akasalimiwa, akaulizwa habari za panya. Kisha wenye nyumba walikunywa chai yao, na mgeni akawatazama.