Karibu Mezani, Chemosit

Usimwambie mtu. Tecla wa Silibwet aliniapisha nisiseme, nami nimevumilia tangu Jumapili mpaka imenishinda.

Mwaka wa tisini na sita, Tecla alikuwa mhudumu kwenye bustani ya michezo huko Kericho. Nyuma ya bembea, Mageto mwenye bustani alijenga hoteli kama pango, giza tupu hata saa saba mchana. Ukutani alitundika vazi la Chemosit, lenye kichwa na mdomo, lile zimwi la mguu mmoja tunalotishia nalo watoto. Kila chakula kikiletwa, wahudumu walilazimika kuita, "Chemosit, karibu mezani."

"Huyo haitwi kwa chakula, mzee," Tecla alimwonya.

"Huyo ni wenu Wakipsigis, mama. Sisi Wakisii hatumjui."

Basi nyama ikaanza kupotea kwenye sahani za wageni. Mageto akamshuku Tecla, tena mbele ya wenzake. "Ikipotea leo, rudi ukachume majani chai."

Siku hiyo Tecla aliita kwa sauti ndogo, akaweka nyama mezani. Akasikia kitu kikiruka kwa mguu mmoja sakafuni, tu, tu, tu. Kikanyamaza. Halafu akasikia kutafuna, pole pole, juu ya bega lake.

"Leo nimekushika, mama," Mageto akasema, akamkamata mkono na kuwasha taa.

Mkono wa Tecla ulikuwa mtupu, na sahani pia. Wageni wote walikuwa wakitazama ukutani. Vazi lilining'inia kwenye msumari wake, bila mtu ndani, mchuzi ukitiririka kidevuni, na mdomo ulikuwa bado unatafuna.